Jina Ambalo Cucu Alininyang'anya

Wapendwa, hamjambo. Mimi si mtu wa maneno mengi, na nikimaliza mtajua kwa nini. Mkiniona na ndevu hizi nyeupe mnaniita guka, yaani babu. Basi nawaambia, ndugu zangu, miaka kumi na minane ya kwanza niliitwa msichana. Ai, msiangaliane! Ngojeni nimalize.

Nilizaliwa huko Ruiru, kwenye shamba la kahawa la mzungu. Cucu, mama yake baba, ndiye aliyenipokea. Alinitazama akasema ni msichana, na kwa macho nilifanana na msichana. Kwa desturi ya kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la cucu huyo, basi nikapewa. Nilichuma kahawa na wasichana wenzangu, nikacheka nao. Halafu wao wakawa wanawake, mimi nikabaki. Sauti ikawa nzito, ndevu zikaanza. Mama aliogopa, akaninunulia wembe na kuuficha ndani ya mkebe wa unga. Hatukuzungumza juu yake hata siku moja. Nilidhani nimelaaniwa peke yangu duniani.

Ndipo emajensi ikaja, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni. Tuliondolewa makwetu, tukafungiwa kwenye kijiji kilichozungukwa na handaki. Lango lilikuwa moja, na homgadi wenye bunduki, watu wetu wenyewe waliomlindia mkoloni. Kila asubuhi wanawake walitoka kwa foleni kwenda kazi ya lazima. Sasa, ilisemekana watu wa msituni, wale waliopigana na mkoloni, wanavaa rinda ili wapite lango. Mnaona shida yangu? Mimi nilikuwa na sauti ya mwanamume ndani ya rinda, na sikuwa namdanganya mtu!

Mama akaambia majirani nimeugua koo, nimekuwa bubu. Nikawa bubu miaka miwili. Nikiumwa na siafu, nafunga mdomo. Kanisani niliimba kwa kutikisa midomo tu, na hilo liliniuma kuliko njaa. Nilikuwa nimefungwa mara mbili, kijijini na ndani ya mwili wangu mwenyewe.

Siku moja wembe uliisha makali. Langoni homgadi akanishika kidevu, akapiga kelele, "Huyu ni mwanamume! Ametoka msituni!" Nikapigishwa magoti, bunduki kisogoni.

"Sema jina lako!"

Jina lenyewe ni la mwanamke. Nikilitaja kwa sauti hii, nimekufa. Nikinyamaza, nimekufa pia.

Cucu akatoka kwa foleni. Alikuwa mfupi, na mkali kweli.

"Huyo si wa msituni," akamwambia mkubwa wa homgadi. "Ni mjukuu wangu. Nilimpokea kwa mikono hii, nikakosea. Mimi mwenyewe nilizaa mwingine kama huyu. Nikamwita binti, nikamficha nyumbani mpaka akafa, hajaoa, hajaolewa. Sitaficha wa pili. Mpelekeni kwa daktari. Na jina langu nalichukua leo. Apewe la mzee wangu."

Hakuna aliyewahi kujua siri ya huyo mtoto wake, hata baba yangu. Mkubwa akaamuru bunduki ishushwe.

Nikapelekwa hospitali ya misheni, askari nyuma yangu. Daktari akanipima, akaandika barua kwamba mimi ni mwanamume tangu tumboni. Kwa barua hiyo nikapata kipande, kitambulisho cha siku zile, chenye jina la guka. Sisemi mambo yakawa rahisi. Kijiji kilinicheka mpaka nilipopata kazi ya kiwanda hapa Thika. Miaka mingi baadaye daktari mwingine alinieleza kwamba mwili wangu ulikosa kimeng'enya kinachosaidia homoni za kiume kumjenga mtoto tumboni, na kwamba jambo hili hurithiwa. Si laana, ndugu zangu, wala si uchawi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, aliyenificha kwa sababu alinipenda. Namshukuru mke wangu, ameketi pale, aliyenikubali akijua hatutapata mtoto. Na zaidi namshukuru cucu, aliyejiaibisha mbele ya kijiji kizima ili mimi niishi.

Najua kuna mzazi hapa mwenye mtoto kama nilivyokuwa. Sikutaji. Ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni. Mlete, mama. Mlete mchana, watu wakiona.