Tarakimu ya Tatu

Benchi liko mbele ya karakana ya Svetozar, mchonga mawe ya makaburi, na wazee wa mji ule mdogo wa Serbia hunywa kahawa hapo wameegemeza migongo kwenye majina ya watu. Ukizeeka unazoea. Asubuhi hiyo Radomir alitazamana na jiwe lake mwenyewe: kushoto jina la mkewe Živana, aliyezikwa majira ya baridi, kulia jina lake, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha utupu. Mikono ya Svetozar imeanza kutetemeka. Kesho anafunga karakana. Baada yake ni mashine.

— Mashine haijui nyayo za herufi, alisema Svetozar. Tazama hizi za shemeji. Kila nguzo ina unyayo chini, imesimama. Za mashine ni vijiti tu.

— Vijiti vitaanguka, alisema mzee waliyemwita Masharubu. Marehemu atateleza mpaka kwa jirani.

— Marehemu wako alishateleza akiwa hai, alisema Profesa, dereva wa basi mstaafu.

Radomir hakucheka.

— Nataka mwaka wangu uwe wa mkono uleule uliomchonga yeye.

— Basi nichonge leo, kaka, alisema Svetozar. Elfu mbili haina ubishi. Tarakimu ya tatu useme wewe: ishirini na kitu, au thelathini na kitu? Ya mwisho tuiachie mashine.

— Weka tatu, alisema Masharubu. Ina matumbo mawili, yote wazi. Huyo bado anakula.

— Mbili ina shingo ya bata na unyayo mrefu. Inakaa imetulia.

— Imetulia kama maiti, Profesa. Basi mpe nane. Matumbo yamefungwa kote, kifo kitaingilia wapi?

— Hapo atakuwa ameshamzika hata shetani.

Milunka, aliyekuja kuulizia jiwe la dada yake, alikuwa amesimama nyuma yao na chungu cha maua.

— Na yeye mwenyewe anataka ipi?

Masharubu alichungulia kikombe chake. Machicha ya kahawa matupu. Profesa naye akachungulia cha kwake.

Radomir aliinuka, akapitisha kidole kwenye herufi ya kwanza ya Živana, iliyochongwa kwa alfabeti ya Kisirili, Ж: nguzo katikati, mikono miwili juu, miguu miwili chini, kama mtu aliyemwona mpenzi wake ng'ambo ya barabara.

— Mbili, alisema.

Svetozar akachukua patasi. Wote wakangoja mkono wake utetemeke.

Haukutetemeka.