Mama Sufuria na Kaya Mbili za Nyumba Moja

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Sufuria atafunga kabati lake la chuma kwa mara ya mwisho. Atalivuta mara tatu kuhakikisha limefungika, kama kawaida yake, kisha atakabidhi ufunguo na kusaini kwamba ameukabidhi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na nne, miezi miwili na siku kumi na moja katika ofisi yetu ya ustawi. Hesabu hiyo si yangu. Ameipiga mwenyewe, akaiandika kwenye karatasi, akaniambia niiambatanishe.

Kalamu hii nimepewa mimi dereva wake. Wenye elimu ya kuandika wamejaa tele humu ndani, lakini kila mmoja wao ana fomu iliyowahi kurudishwa na mama huyu ikiwa imechorwa wino mwekundu, na wakubwa wakaogopa wasije wakalipiza kisasi. Mimi sina fomu. Nina gari tu, na kwenye kiti chake cha mbele mama huyu amekaa miaka kumi na tisa akiniambia nipunguze mwendo. Kwa hiyo sitamvika kilemba cha ukoka. Nitasema niliyoyaona, na nisiyoyaona nitasema nimeambiwa.

Nimeambiwa aliingia hapa akiwa mpiga chapa, binti mwembamba asiyecheka na mtu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchapa kitabu cha kanuni za posho, kurasa arobaini, nakala kumi na mbili, kwa mashine iliyokuwa imeng'oka herufi moja. Kufikia nakala ya tatu alikuwa amekishika kitabu chote kichwani. Kufikia ya saba alikuwa anamsahihisha mkuu anayemsomea. Wakaona bora wamhamishie masjala wapate kupumua. Huko nako akapanga majalada hadi wakubwa wakashindwa kupoteza la mtu. Akapelekwa dirisha namba tatu, na mwisho akatupwa kitengo cha uhakiki, yaani wale wanaokwenda majumbani kuangalia kama anayesema hana, kweli hana.

Huko ndiko alikopata jina. Kitabu chetu kinasema posho ya wazee ni moja kwa kila kaya, na kaya ni watu wanaopika pamoja na kula pamoja. Paa si hoja, ukoo si hoja. Mkila sufuria moja, nyie ni kaya moja, mnapata posho moja. Kila mzee akiwa na sufuria yake na moto wake, hata mkiwa chini ya paa moja, nyie ni kaya mbili na posho zenu mbili. Basi mama huyu akifika kwa watu hana habari na sebule. Hodi ya kwanza mlangoni, ya pili jikoni. Anafunua mfuniko, anahesabu sahani, anagusa majivu kujua kama ni ya leo. Ilifika mahali gari letu likikata kona tu, mtaa mzima unasikia masufuria yanahamishwa.

Hakuna aliyempiga chenga akafika mbali. Kuna mzee mmoja alikuja na umri wa kutosha kabisa kupata posho. Mama Sufuria akamwomba ataje umri wa mama yake na wa ndugu zake, akavuta kalamu, akajumlisha na kutoa, kisha akamweleza kwa upole kwamba kwa fomu aliyojaza, mama yake alimzaa akiwa na miaka minne. Mwingine aliapa hana mfugo hata mmoja. Bado anaapa, mbuzi akaingia ndani, akauvuta ukurasa wa pili, ule wenye swali la mifugo, akautafuna wote. Ripoti ipo masjala, nendeni mkasome: "Ukurasa wa pili umeliwa na mbuzi ambaye mwombaji anasema hamjui."

Hata ndugu zake hakuwahurumia. Mjomba wake, mtu na pensheni yake ya reli, alileta maombi akijua mpwa wake ndiye mwenye muhuri. Alirudishwa siku hiyohiyo, na mpaka leo kwenye shughuli za ukoo mjomba anasalimia watu wote safu nzima halafu anamruka yeye kama dimbwi la maji. Na sisi wa ofisini je? Bati la biskuti la chumba cha chai lina karatasi aliyoibandika juu ya mfuniko: Sifa za Kustahili Biskuti. Uwe umefika kabla ya saa mbili. Uwe umeosha kikombe chako cha jana. Mimi sijawahi kustahili.

Sasa niwaambie la wifi wawili, maana mengine yote hayo ni utani wa kupitisha muda.

Ni miaka sita iliyopita. Kuna nyumba moja ya vyumba vinne iliyoachwa na fundi cherehani. Upande wa kulia anakaa mjane wake, upande wa kushoto dada wa marehemu. Wote wamepita sabini, wote walikuwa na kadi za posho, kila mmoja na jiko lake. Walikuwa hawasemezani mwaka wa tisa huo kwa sababu ya cherehani ya marehemu, ambayo kila mmoja anasema aliachiwa yeye, na ambayo haijashona hata kitambaa cha mkono tangu siku ya mazishi. Wakiwa na la kuambiana, wanamwambia kuku. Na kuku mwenyewe ni wa jirani.

Siku tuliyofika kwa uhakiki, Mama Sufuria alikuwa na nyumba thelathini na mbili kwenye orodha, mvua inanyemelea, na mimi nimeshapiga honi mara mbili. Akaingia jikoni. Akakuta jiko moja linawaka, lile la dada mtu. Sufuria moja, ya uji. Bakuli mbili. Jiko la mjane lilikuwa baridi, majivu ya juzi. Akaandika: kaya moja. Swali la kumi na nne la fomu linauliza, "Je, hali hii ni ya kawaida?" Akatia alama ya ndiyo, akatoka, tukaondoka kabla ya mvua.

Malipo yaliyofuata, maana hutoka kila miezi mitatu, jina la mjane lilikuwepo, la dada mtu likawa limefutwa.

Alikuja dirishani kwa miguu, kanga mbili, kiatu kimoja kimefungwa kamba. Tulijiandaa kwa kelele, maana wanaofutwa huwa wanakuja na vizazi vyetu vyote mdomoni. Yeye akasubiri zamu yake. Alipofika mbele ya Mama Sufuria, aliyekuwa ameshika zamu ya dirisha siku hiyo, akasema, "Mwanangu, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza nilikosea wapi nisirudie. Ni ule uji?"

Mama Sufuria akamuuliza uji gani. Bibi akaeleza kwamba wifi yake alishikwa na homa siku tatu, hainuki, hali chakula. "Na mimi siongei naye, wewe uliza mtaa mzima. Lakini angekufa pale upande wa pili wangesema mimi ndiye niliyemmaliza. Nikampikia uji. Siku hizo tatu tu." Akapangusa kioo cha dirisha kwa ncha ya kanga ili waonane vizuri. "Sasa niambie, maana wewe ndiye unayejua sheria. Akiumwa tena, nimwache?"

Mama Sufuria alimwambia bibi aende nyumbani asubiri, akafunga dirisha robo saa kabla ya wakati, na robo saa hiyo akajiandikia utoro kwenye daftari la mahudhurio, ipo mpaka leo.

Kesho yake aliniambia twende, lakini tuegeshe mbali. Tukajibanza nyuma ya banda la muuza mkaa kama wezi wa nguo kwenye kamba, mtu na cheo chake na mkoba wake wa ofisi, kuanzia saa nne mpaka saa sita na nusu. Moshi ukatoka upande wa kulia. Moshi ukatoka upande wa kushoto. Kisha wakaanza.

"We kuku, mwambie wifi yako maji ya vyombo hayamwagwi mlangoni kwa watu."

"Kuku, mjibu huyo. Mlango aliujenga mume wangu. Yeye alikuja hapa na begi moja la zipu mbovu."

"Kuku, mwambie kaka yangu aliondoka mapema kwa ile chumvi anayotia kwenye mboga."

"Kuku, mwambie hiyo mboga yeye hakualikwa."

Mimi nilikuwa nimejishika mbavu. Nikamtazama Mama Sufuria nikidhani amekasirika, kumbe anaandika, meno yote nje, kwa herufi nzuri kama anaandika wosia. Tulirudi siku ya tatu na ya tano, saa tofauti. Mioto miwili, sufuria mbili, kuku yuleyule. Ripoti yake ikawa na Kiambatisho A, picha za majiko, na Kiambatisho B, Maneno Yaliyosikika, kurasa nne. Kamati ya posho iliagiza yasomwe kwa sauti. Katibu, mtu wa ibada, aliyasoma huku anakohoa kila mstari, na mjumbe mmoja alitoka nje kwa kisingizio cha simu akacheke vizuri.

Lakini ripoti iliyokwisha pitishwa haifutwi na ripoti nyingine. Kanuni inataka afisa mwenyewe aandike kwa mkono wake kwamba alikosea, alikosea nini, na barua hiyo iingie kwenye jalada lake la utumishi. Hakuna aliyewahi kuiandika. Watu huwa wanasema kompyuta ilikosea.

Na wakati ulikuwa mbaya. Wiki ileile Mama Sufuria alikuwa ametoka kufanya usaili wa ukuu wa kitengo. Majibu yalikuwa yatoke tarehe ishirini na tano, na sote tulikuwa tumeshaanza kumwita mkuu kwa utani, yeye anatukatalia huku anafurahi. Orodha ya malipo ilikuwa ifungwe tarehe ishirini. Ikifungwa, bibi angesubiri miezi mitatu mingine, juu ya mitatu aliyokwisha kosa.

Mkuu wa wakati ule alimwita, akafunga mlango, ila dirisha la nyuma alilisahau na mimi nilikuwa naosha gari. Alisema, "Mama, barua hii ikiingia kwenye jalada lako haitoki. Ngoja siku tano tu. Majibu yakitoka, ilete, nitaipokea kwa mikono miwili. Nani atakulaumu?"

Akajibu, "Siku tano hizo kwa bibi yule ni miezi mitatu. Anakula wapi?"

Mkuu akasema kitu kuhusu nyumba nyingi, na mvua, na kwamba kanuni ilifuatwa. Akamkatiza, jambo ambalo halifanyi kwa mtu anayemzidi cheo. "Swali la kumi na nne sikuuliza. Nilitia alama tu. Mgonjwa alikuwa amelala chumba cha pili, nilimwona miguu." Nikasikia muhuri unagonga. Alikuja nao mkobani.

Tarehe ishirini, kabla orodha haijafungwa, jina la bibi lilirudi. Tarehe ishirini na tano ukuu wa kitengo ulikwenda kwa bwana wa takwimu, ambaye ndiye mkuu wetu hadi leo na ndiye atakayeidhinisha karatasi hii. Shikamoo mkuu. Hukuomba upewe, na kazi umeifanya vizuri, ila kuhusu biskuti na wewe hustahili.

Mwaka uliofuata makao makuu walileta toleo jipya la kitabu. Fungueni ukurasa wa kumi na tisa. Kaya itathibitishwa kwa ziara zisizopungua mbili, siku na saa tofauti, na siku za ugonjwa au msiba katika nyumba hazitahesabiwa. Hapana jina chini yake. Rasimu niliipeleka mimi mwenyewe posta, kwenye bahasha aliyoifunga kwa gundi, kisha kwa utepe, kisha akaivuta mara tatu.

Mama Sufuria anastaafu na cheo kilekile alichokuwa nacho siku ile ya banda la mkaa. Nilimuuliza njiani kama haimuumi. Akaniambia nipunguze mwendo.

Kwa niaba ya dirisha namba tatu, masjala, uhakiki, wapiga chapa wenzake wa zamani na gari lenyewe, ahsante mama kwa kuturudishia fomu zetu mpaka tukajifunza kuzijaza. Nenda kapumzike. Uwe na afya, uwe na jiko lisilokaguliwa na mtu, na yeyote atakayekuja kwako aje kwa kukupenda, asije na kalamu.

Wageni watakaofika kwenye sherehe wazingatie tangazo moja lililotolewa na mstaafu mwenyewe. Wifi wawili wamealikwa na wamekubali, kila mmoja kwa masharti kwamba mwenzake asijue. Mjane atakaa karibu na dirisha, dada mtu karibu na mlango. Maafisa wapya wa uhakiki watakuwepo ukumbini, kwa hiyo wahudumu wanaombwa sana wawapakulie wifi hao kutoka vyombo tofauti, na mmoja wao akijisikia vibaya, wamwache mwenzake amhudumie.