Mtungi wa Nalianya na Spika ya Kanisa

Jamaa, majirani wa Kongo ya Kawangware na wa Laini Saba, na nyinyi wa kanisa mliovaa kanzu nyeupe, mimi ni Wesonga, kaka mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome maisha yake kabla gari halijaondoka kwenda Kimilili, leo Ijumaa tarehe 19 Agosti 1983. Nawaona mnanyoosha shingo mkimtafuta mjane wake Mideva na binti yao Nasipwondi, kwa maana viti vyao kando ya jeneza viko wazi, na nong'ono nimeshazisikia, kwamba ni mke gani asiyekaa na mumewe siku kama hii, basi tulieni, nitafika hapo, na nikifika wengine mtatamani ningechelewa.

Marehemu Nalianya alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 huko nyumbani Kimilili, akaingia shule ya misheni mwaka wa 1952, akasoma mpaka darasa la sita, na jambo linalokumbukwa ni kwamba aliifungua saa ya mwalimu kuona kinachoisukuma, akachapwa, kisha akaifunga tena ikatembea vizuri kuliko mwanzo, akachapwa mara ya pili kwa kiburi. Hapo ndipo nilipoanza kuwajua watu wazima.

Mwaka wa 1964 alikuja Nairobi, tukaishi chumba kimoja Laini Saba, mimi nikichomelea vyuma, yeye akifagia duka la redio la Mhindi mmoja mjini, akajifunza kazi kwa kutazama, na mwaka wa 1968 akafungua kibanda chake kando ya reli. Asubuhi ya tarehe 21 Julai 1969 watu walijaa pale kusikia habari za waliotembea mwezini, mmoja akapiga kelele, "Wewe Nalianya, usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi mwezi niliuangalia jana, hakukuwa na mtu!" na mwingine akamjibu, "Wewe hata chakula kwenye sahani yako huoni, utaona mtu mwezini?" watu wakacheka, na Nalianya akafuta jasho akasema, "Wesonga, binadamu sasa amekomaa." Nilimwambia hapo hapo kwamba mtoto akivaa viatu vya babake hajakuwa baba, amevaa viatu tu, naye akaniambia mimi nina roho chungu. Ni kweli ninayo, lakini leo niambieni ni nani alikosea.

Tarehe 18 Desemba 1971 alimwoa Mideva kutoka Maragoli, watu wetu wakanuna, watu wao wakanuna, wao wawili wakapendana bila kuomba ruhusa ya manuno hayo, wakahamia Kongo, Kawangware, wakabarikiwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Nasipwondi aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1974, yule msichana mwenye macho ya baba yake, anayefungua kila kitu kuona ndani.

Mwaka wa 1976 aliingia kanisa la Nabii Lazarus, kule kituo cha Kawangware 46, na nitasema ukweli, kabla yake sauti ya Nabii ilikuwa haifiki choo cha jirani, Nalianya ndiye aliyekusanya vyuma vya redio zilizokufa, akavilehemu, akafunga betri ya gari, akatengeneza spika hii hii ninayosemea sasa, na tangu siku hiyo Mungu wa Nabii Lazarus amesikika mpaka barabarani. Umeme haukuwa dhambi, betri haikuwa dhambi, maiki haikuwa kukosa imani, hayo yote yalipokewa kwa haleluya kwa sababu yalimfanya Nabii awe mkubwa.

Mei 1978 marehemu alianza kuugua, akawa anakunywa maji kama shamba la kiangazi, anakojoa usiku kucha, suruali zinamshuka kiunoni, mpaka akaanguka kibandani akiwa na chuma cha kulehemu mkononi. Hospitali ilipata ugonjwa wa sukari, akapewa dawa ya kudungwa kila asubuhi maisha yake yote, nayo dawa hiyo ikipata joto inaharibika, sasa Kongo friji iko wapi? Ndipo sista Rahab, muuguzi wa pale, alipomwambia atie chupa ndani ya mkebe, mkebe ndani ya mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, auweke kivulini, mchanga usikauke, na Nalianya akaja kwangu anacheka kama aliyeokota dhahabu, akisema, "Mtungi wa mama yetu ni friji bila waya!" Tukauleta ule mtungi wa mama kutoka Kimilili, ukawekwa chini ya kitanda, na kwa miaka mitano ulimpa uhai, akafanya kazi, akaimba, akalipa karo.

Jumapili tarehe 7 Agosti mwaka huu, Nabii Lazarus alitangaza kufagia mapepo katika nyumba za waumini, mkapita na ngoma na kengele, mkafika kwa Nalianya, mkainama chini ya kitanda, mkaona mtungi wa zamani, mchanga mbichi, kichupa, sindano, na akili zenu zote zikasema uchawi. Mlibeba mtungi mpaka kanisani, Nabii akashika maiki akasema, "Huyu ndugu anafuga kitu!" jirani yetu Mutie akapiga kelele, "Hiyo ni dawa ya sukari, wajinga nyinyi!" mkamjibu, "Nyamaza, Mkamba, wewe uganga ndio kwenu!" mkacheka sana. Kisha Nabii akamwuliza ndugu yangu mbele ya kanisa lote, ndani ya spika aliyoitengeneza kwa mikono yake, "Unachagua Yesu au unachagua chupa?" Swali la kijinga halina jibu la busara, akasema Yesu, angesema nini, na mtungi wa mama yetu ukapasuliwa juu ya jiwe, chupa ikakanyagwa, mkaimba.

Mideva alimsihi aende achukue chupa nyingine, akakataa, akasema atarudije kwa sindano wakati mtaa mzima umemsikia, na Ijumaa tarehe 12 Agosti, alfajiri, Nalianya akafa, akipumua kama mtu aliyekimbia kutoka mbali, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Mungu simsemi vibaya, Biblia naisoma, nilijifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia nyama na nimeisoma mpaka mwisho, sijaona mahali Bwana alipovunja mtungi wa mgonjwa. Nawasema nyinyi, mnaopenda kitu cha sayansi kikiwapigia kelele, mkakiogopa kikikaa kimya chini ya kitanda kikimponya mtu, nyinyi watoto wenye viatu vikubwa.

Sasa viti viwili. Tangu Juni, Nasipwondi anakunywa maji usiku na kukojoa, sketi ya shule inamshuka kiunoni, mama yake akaficha kwa kuwaogopa nyinyi, na juzi katika matanga Nabii Lazarus alisimama akasema ni pepo la baba limehamia kwa mtoto, na kwamba tukitoka mazishini mtoto afunge bila kula wala kunywa siku tatu, mkaitikia amina. Mimi sikuitikia. Mideva alinijia jikoni akaniambia, "Shemeji, nisipomzika watanitukana mpaka wanizike na mimi," nikamwambia yule wa kwenye jeneza hawezi tena kufa, huyu mwingine anaweza.

Kwa hiyo familia inatoa shukrani kwa sista Rahab na madaktari, ambao tangu alfajiri ya leo wanamtibu Nasipwondi wodini, mama yake akiwa kando ya kitanda, na ugonjwa ni ule ule wa baba yake, na sindano ya kwanza ameshadungwa, hakulia, ameuliza ndani ya chupa kuna nini. Tunamshukuru Mutie, aliyembeba mtoto mgongoni mpaka barabarani giza likiwa bado, huyo mnayemwita mganga, tunawashukuru mafundi wenzake wa kando ya reli waliochanga pesa za gari, na Nabii Lazarus nampa shukrani yake pia, kwa kuwa spika imefanya kazi vizuri leo, ila nikimaliza naichomoa, ni mali ya watoto wa Nalianya. Mila inasema mjane asimame kaburini, najua, nami kama mkubwa wa ukoo nimempa ruhusa asisimame, mwenye neno asimletee Mideva, aniletee mimi, Laini Saba mnapajua.

Nalianya, ndugu yangu, tunakupeleka nyumbani bila mkeo na bila binti yako, usikasirike. Jana nilinunua mtungi mpya, nimeujaza mchanga, nimeumwagia maji, uko kivulini kwangu unamngoja mtoto, nawe pumzika kwa amani.