Macho ya Dereva wa Saa Tano

Pale stendi ya Vaileka, kwenye ukuta wa soko, kuna kiti kirefu kilichong'olewa nyuma ya basi bovu, na watu wa pale hukiita benchi. Anayekaa upande wa jiko la mafuta ya taa ni Sereima Lewatu, muuza chai ya majani ya mlimau, anayeitwa Birika na haoni vibaya. Anayemfuata ni Ram Bharos, aliyefagia duka la dawa kwa miaka kumi na tisa. Kwa ajili hiyo wanamwita Daktari. Wa tatu ni Filimone Batinika, ambaye hana kazi inayojulikana ila hanyamazi, basi ni Redio. Mwishoni kabisa, karibu na nguzo, hukaa Apenisa Rokotuni, mstaafu aliyepanga barua za watu kwa miaka thelathini na mmoja, naye ni Posta. Jumanne hiyo, saa nne na dakika tano asubuhi, walikuwa wanne na birika moja, mpaka alipotokea Isoa Vakadewa, dereva wa basi la saa tano la kwenda Suva, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi.

— Nitazameni, akasema, akaivua. Inaonekana?

Chini ya kila jicho palikuwa na weusi uliotanda mpaka mfupa wa shavu, kama mtu amebonyezwa na vidole gumba vyenye masizi.

— Inaonekana nini? akauliza Redio. Macho au mashimo?

— Usinicheke. Nina dakika arobaini tu.

Wote walielewa. Tangu kampuni ilipopata mwenye mali mpya, msimamizi Deo Saran husimama mlangoni mwa kila basi robo saa kabla ya safari, akamtazama dereva usoni. Mwenye uso wa mtu aliyekesha kwenye beseni la yaqona, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, harushiwi neno. Hunyoshewa mkono atoe ufunguo. Isoa alikwisha kunyoshewa mkono mara moja, mwezi uliopita. Akaambiwa kwamba mara ya pili ndiyo ya mwisho. Na yaqona, kwa kusema kweli, hakuwa ameigusa tangu mapacha wake wazaliwe, wiki sita zilizopita.

— Mtani, akasema Apenisa, mpe Saran ufunguo mwenyewe, ukalale.

Benchi zima likacheka.

— Mnamsikia huyu? akasema Isoa, naye akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Watu wa kwao wanataka sisi tufe njaa tangu enzi za mababu.

Hapo ndipo palipokuwa na shida ya Apenisa. Kijiji cha kwao na kijiji cha kina Isoa ni watani. Mtani anaweza kukuingilia jikoni akala samaki wako, akakuita nyani mbele ya mkweo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini pia huna sababu ya kumwamini. Jana Apenisa alikuwa ndani ya basi la Isoa, kiti cha tatu. Walipofika kwenye kona za mto Wainibuka aliona mstari mweupe wa katikati ukiingia taratibu chini ya basi, na mbele yao lori la miwa. Alivuta kamba ya kengele kwa mikono miwili. Basi likarudi upande wake. Isoa akapaza sauti bila kugeuka: "Mtani, umeshindwa kujizuia?" na abiria wakacheka mpaka kituo kilichofuata.

— Sikilizeni, akasema Daktari. Huo weusi ni damu iliyosimama. Ngozi ya hapo ni nyembamba kama ya kitunguu, damu ikisimama inaonekana. Inahitaji baridi. Birika, nipe kijiko.

— Kijiko changu cha sukari?

— Kijiko, mama! Redio, kimbia kwa mwuza samaki ulete barafu.

— Isije na magamba, akasema Isoa.

— Na wewe acha kuyafikicha, akasema Daktari, akampiga kibao kidogo mkononi. Ukifikicha unazidisha. Hilo nimelisikia mara elfu nikiwa na ufagio mkononi.

Redio akarudi na barafu ndani ya mfuko wa nailoni. Kijiko kikapozwa, kikawekwa chini ya jicho la kulia. Isoa akashtuka, kisha akatulia.

— Tatizo ni chumvi, akasema Birika. Usiku umekula nini?

— Samaki wa kopo.

— Ndiyo hiyo! Chumvi inakusanya maji usoni. Na unalalia mto mmoja?

— Silalii kitu, mama.

— Uwe unalalia miwili, maji yashuke.

Apenisa aliisikia ile "silalii kitu". Aliwatazama wenzake kama kuna mwingine aliyeisikia. Redio alikuwa tayari ameshika zamu.

— Nyinyi hamjui. Tazameni jicho la kulia. Si jeusi kuliko la kushoto? Kwa nini? Kwa sababu dereva hukaa kulia, na jua la asubuhi linamwingia kwa dirisha la kulia. Jua linapika. Dawa yake ni kuendesha kinyumenyume siku moja kwa wiki, yalingane.

— Wewe ulizaliwa kabla akili hazijagawiwa, akasema Birika.

— Ngoja, sijamaliza. Hayo ya jua ni madogo. Kubwa ni mapacha. Mtoto akizaliwa haoni, au siyo? Macho anayapata wapi? Anamkopa baba yake! Mtoto mmoja anachukua jicho moja, na baba anabaki na jingine. Huyu kapata wawili kwa mpigo. Hana lililobaki.

— Basi akipata watatu? akauliza Daktari.

— Wa tatu anakopa kwa jirani.

Isoa alicheka, kijiko kikadondoka. Saa ya ukutani mwa soko ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Basi lenyewe lilikuwa limesimama hatua thelathini kutoka benchi, mapazia ya turubai yamekunjwa juu, na abiria wa kwanza wameanza kupakia magunia ya mihogo.

— Mapacha wanalia usiku? Apenisa akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

— Kwa zamu, mtani. Wamepangana vizuri kuliko madereva wetu. Mama yao bado ana kidonda cha upasuaji, hawezi kuinuka. Naamka mimi.

— Unalala saa ngapi?

— Ukija kuwanyonyesha wewe, nitakwambia.

Wakacheka tena. Apenisa akaweka kikombe chake chini.

— Mtani, jana ulivuka mstari.

— Na wewe ulivuka mipaka kwa kupiga kengele kama mwenye tumbo la kuhara! Birika, ulimwona alivyoshuka? Amebana miguu hivi!

Redio akasimama kuonyesha jinsi mtu aliyebana miguu anavyoshuka basini. Ikawa kicheko juu ya kicheko. Apenisa hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kule posta alikofanya kazi, hakuna aliyewahi kumsikia akifanya hivyo. Alitazama magunia yakiingizwa, na kina mama wakifuata.

— Matango! akasema Daktari. Vipande viwili vya tango, dakika kumi, kisha poda. Saran hataona kitu.

Tango likapatikana ndani ya soko, Birika akalikata kwa kisu cha ndimu. Isoa akalaza kichwa ukutani, vipande viwili vikawekwa machoni, mkononi amepewa chai. Birika akatoa kopo la poda kwenye mkoba wake akaanza kumpaka pembeni ya vile vipande.

— Umezidisha, akasema Daktari. Umemfanya kama wa kuagwa.

— Ni poda ya kanisani. Haina rangi nyingine.

— Mjomba wa shemeji yangu, akaendelea Redio, weusi ulimwanza hivi hivi machoni. Hakutibiwa. Ukashuka shingoni, ukashuka kifuani, Krismasi ukamkuta magotini. Alipokufa hawakujua wamvalishe suti au tayari anayo.

— Mwongo wewe.

— Muulize Isoa, anamfahamu. Isoa! Si unamfahamu?

Isoa hakujibu.

— Ona, akasema Daktari kwa fahari. Ametulia. Dawa inafanya kazi.

Apenisa alikuwa anakitazama kikombe. Kilianza kuinama polepole, kama vile basi lilivyoinama jana kuelekea kwenye mstari, bila haraka, bila mtu kukizuia. Chai ikamwagika kwenye paja la Isoa, ya moto. Isoa hakutikisika. Kikombe kikaanguka sakafuni, ndipo akashtuka.

— Nimeshikilia, nimeshikilia, akasema, na mikono yake ikashika hewa iliyo mbele yake, kwa upana wa usukani.

Redio alianza kucheka, akaona anacheka peke yake.

Saa nne na dakika arobaini na mbili. Deo Saran alitoka ofisini, kalamu nyuma ya sikio, akielekea kwenye mlango wa basi. Wakati huohuo akafika mwanamke wa makamo, nguo nyeusi, mkeka mpya uliokunjwa begani. Hakuna pale aliyemjua. Aliinama kidogo, kama inavyofaa kwa mtu anayepita mbele ya waliokaa.

— Samahani wazee wangu. Naenda msibani. Nataka kushuka penye daraja la pili, na pale si kituo, ndiyo maana namwomba dereva mapema. Basi la saa tano anaendesha nani?

Daktari alikitazama kijiko. Redio akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Birika aliinua birika amimine, likawa tupu, akaendelea kuliinamisha. Na yule aliyeulizwa habari zake alikuwa amekaa katikati yao, ana poda mpaka masikioni na vipande viwili vya tango machoni.

Mama akangoja. Alidhani labda hawakumsikia.

— Dereva wa saa tano, akarudia. Ni yupi?

— Isoa Vakadewa, akasema Apenisa.

Benchi likageuka. Miaka kumi na mmoja wamekaa pamoja, na Apenisa hakuwahi kumwita hivyo. Mtani haitwi kwa jina lake. Jina la mtani hutajwa akiwa ndani ya jeneza.

— Isoa Vakadewa. Mama anauliza.

Isoa akaondoa kipande kimoja cha tango, kisha cha pili. Weusi ulikuwa palepale. Alimtazama yule mama, akautazama mkeka wake, akamtazama Apenisa kwa muda mrefu.

— Jana, akasema, penye lori la miwa. Ulivuta kengele mara ngapi?

— Mara nne.

— Mimi nilisikia moja.

Birika akaliweka birika chini.

— Nilisikia moja, akarudia Isoa, nikajua niko nyumbani, na mmoja wa watoto amelia. Nikawa natafuta alipo.

Akainuka. Alijifuta poda kwa mkono wa shati, ikabaki mistari. Hatua thelathini zile alizitembea akiwa ameishika kofia mkononi, uso wazi, na benchi likasikia yote maana Deo Saran husema kwa sauti.

— Yaqona?

— Hapana, bwana Saran. Usingizi. Usihangaike kunitazama. Leo siendeshi.

— Unajua hii ni mara ya pili.

— Najua.

Mkono haukuwa umenyoshwa bado. Isoa alitoa ufunguo akaunyosha yeye. Saran akaushika, akaugeuza, akamtazama tena usoni, safari hii taratibu zaidi.

— Kakae pale, akasema. Usiondoke. Nitaongea na wewe nikishapata mtu.

Isoa akarudi akaketi mahali pake. Yule mama alikuwa bado amesimama.

— Kwa hiyo ni nani? akauliza.

— Bado hatujui, mama, akasema Apenisa, akamsogelea Isoa kumwachia mgeni nafasi. Keti tungoje.

Akaketi, mkeka magotini. Kabla hajajiweka sawa, kichwa cha Isoa kilikuwa kimemwangukia Apenisa begani. Redio alivuta pumzi kuanza jambo. Apenisa akainua kidole kimoja, na Redio akanyamaza.

Dereva mwingine alipatikana kutoka Tavua, na basi likaondoka saa tano na dakika hamsini, abiria wakinung'unika. Lilipopita mbele ya benchi, yule mama akiwa kiti cha mbele, lilipiga honi mara mbili, kwa nguvu.

Birika aliziba masikio. Isoa hakusikia.