Konzi Moja ya Udongo kwa Muhigirwa

Wasikilizaji wapendwa, hapa Rusizi hakuna muntu anayenishinda kusimulia habari za marehemu. Nimesoma mpaka darasa la tano. Hilo la tano nililisoma mara mbili, na mwalimu ndiye aliyechoka kwanza. Basi mnivumilie.

Leo tunamkumbuka Muhigirwa wa Bugarama, askari wa majini. Aliuawa katika Ziwa Kivu, vita vya mwaka wa tisini na nane, akiwa na miaka ishirini na miwili. Mwili wake haukupatikana. Narudia kwa aliyekuwa anapepeta mchele: mwili wake haukupatikana, hadi leo.

Alikulia kwenye mashamba ya mpunga. Maji aliyoyajua yalimfika magotini. Alipokuja kutuaga na sare yake mpya, nilimwuliza kwa heshima ya kwetu, "Papa, weye kuogelea ulijifunza wapi?"

Akacheka. "Maman, tuko na boti ya moteri. Kuogelea ni kazi ya samaki sambaza."

Boti hiyo ilipigwa risasi, ikazama. Wenzake wanne walirudi. Yeye hakurudi.

Ikaja barua yenye mhuri mzuri. Mama yake, Maman Nzigire, hajui kusoma. Aliigeuza huku na huku, akauliza, "Hii ndiyo nizike?"

Katika ukoo wao, asiyepatikana huzikiwa shina la mgomba, na juu yake unamwagwa udongo wa mahali alipoangukia. Aliyefia majini, ni udongo wa ufuko wa karibu. Bila udongo huo matanga hayaishi, na mama haruhusiwi kurudi kitandani. Analala chini.

Maman Nzigire alilala chini miezi minane. Aliomba konzi moja tu ya udongo. Kila alipofika kambini aliambiwa Afande Twagirayezu, mkubwa wa kikosi cha mwanawe, yuko mkutanoni. Miezi minane ya mkutano! Harusi yangu mimi ilichukua nusu saa, na bwana mwenyewe alichelewa.

Nacheka, lakini nina hasira. Kumchukua mtoto wa mwenzao walitumia asubuhi moja. Konzi ya udongo ikawashinda.

Maman Nzigire, na ukoo wote, poleni. Pole yangu ni ya zamani na haijapoa. Nanyi mnaotuma batoto ya bantu vitani, kaeni mjiulize: mama akija kuuliza mtoto yuko wapi, mtamwambia nini?

Nimalizie na siku Afande alipokuja. Nilikuwepo uani. Mgomba ulikwisha katwa, kaburi limechimbwa. Akatoa mfuko mdogo.

"Maman, udongo ni huu. Nilivuka ziwa, nikauchota mimi mwenyewe, na mikono yangu, kwenye ufuko pale alianguka."

Maman Nzigire akamwaga kidogo kiganjani. Ulikuwa mweusi, unanata. Akausugua kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyopima shamba kabla ya kupanda. Akaokota kitu, akakiinua juani. Ganda la mpunga.

"Papa Afande," akasema, "kule kwenye ufuko banalima mpunga?"

"Labda upepo, Maman."

"Upepo." Akanusa ule udongo. "Hili ni shamba la pili kutoka kwenye kinu cha mpunga hapa kwetu. Nimelipalilia miaka kumi na moja."

Afande akatazama chini. Nasi tukatazama alipotazama. Viatu vyake vilikuwa na tope lile lile jeusi, bado bichi.