Konokono Mmoja kwa Safari Nne

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, pale lami inapokata tamaa na kuwa njia ya tope ya kuingilia msituni. Asubuhi hiyo kinyozi hakuwa na kichwa cha kunyoa. Betri, fundi wa redio na tochi, alikuwa ameifungua redio ya mtu na kusahau inavyofungwa. Shangazi, muuza kahawa, alikuwa amekalia ndoo, birika mbele yake, akimmiminia anayemtaka na kumruka anayemuudhi. Katikati yao alikaa Mnadi, mwenye buti za mpira za kufika magotini na soksi zilizovutwa juu ya suruali ili ruba wasipate mlango. Zamani alikuwa akinadi mitumba sokoni, na jina lake limetoka huko. Sasa ana wiki tatu akiongoza wageni msituni kuangalia wanyama. Kazi yote ilikuwa ikienda vizuri isipokuwa wanyama.

– Safari nne, – alisema Mnadi. – Safari nne nzima, tumeona konokono mmoja.

– Usimdharau, – alisema Betri. – Haba na haba hujaza kibaba.

– Kibaba cha konokono nikipeleke wapi? Bosi ameshasema. Wageni wa leo wakirudi bila kuona mnyama, nivue buti nimwachie mlangoni, nirudi nyumbani pekupeku.

– Na wageni wa leo ni akina nani? – aliuliza Shangazi.

Mnadi alikunywa kahawa yote kwanza.

– Mama mkwe. Na wenzake sita wa chama cha kushona.

Benchi zima likamwonea huruma. Hata Betri aliweka bisibisi chini. Habari za mama mkwe huyo zilijulikana: siku ya posa alisema waziwazi kwamba binti yake anaolewa na kelele, na tangu hapo hajaona sababu ya kubadili kauli. Mnadi naye, ingawa hakumwambia mtu, aliipenda kazi hii kuliko zote alizowahi kufanya. Alipenda harufu ya majani mabichi asubuhi, na matone yaliyoendelea kudondoka saa nzima baada ya mvua kukatika. Kurudishwa sokoni kungemuuma. Kurudishwa mbele ya mama mkwe kungemmaliza.

– Tatizo ni nywele, – alisema kinyozi.

– Umeninyoa mara tatu mwezi huu!

– Na mara tatu hukusema unakwenda wapi! Mtu wa msituni ana kunyoa kwake. Mnyama akiona upara unang'aa anadhani ni jua limeshuka, anakwenda kulala.

– Huyu anatafuta kichwa tu, – alisema Shangazi. – Kaa chini, bwana.

– Nisikilizeni mimi, – alisema Betri. – Ni zile darubini mnazowapa wageni. Ukimwangalia mnyama kwa darubini anakuja karibu ghafla, si ndiyo? Sasa yeye hajui kwamba ni kioo. Yuko zake mtini anakula, mara anajikuta puani kwa mtu! Utakaa wewe?

– Mnyama hasogei, Betri. Anaonekana tu.

– Hivyo ndivyo wanavyokwambia. Na isitoshe, wahenga walisema nyani haoni kundule. Kama yake mwenyewe haoni, wewe atakuonaje akusubiri?

Kinyozi alikuna kidevu, maana lilikuwa neno zito na hakuna aliyejua limeelekea wapi.

– Hebu tuambie, – alisema kinyozi, – wewe ukifika huko unafanyaje? Labda kuna hatua unairuka.

– Siruki kitu. Natangulia, wageni nyuma. Kiongozi aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ananong'ona. Wageni wa mwisho wakalalamika kwamba hawasikii. Bosi aliniajiri kwa ajili ya hii sauti. Kwa hiyo naitumia.

– Tuonyeshe.

Mnadi hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili. Akasimama juu ya benchi na buti zake, akapiga makofi matatu, kisha akagonga nguzo ya kibanda kwa fimbo kama anavyogonga miti.

– HAYA HAYA HAYA, WAGENI WANGU! SOGEA, SOGEA, USIOGOPE KUTAZAMA! MKONO WA KULIA, MTI! MTI SAFI, HAUJAGUSWA, HUUPATI KWINGINE! SHINGO JUU, MAMA, SHINGO JUU! HAPO KWENYE TAWI ANALALA MBEGA, MWEUPE KWA MWEUSI, MANYOYA YAKE HAYACHUJI! TUMWITE PAMOJA! MOJA, MBILI...

Kuku wa jirani walihama ua. Mtoto alianza kulia nyumba ya tatu. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akashuka akaisukuma.

– Na alikuja? – aliuliza Betri, masikio yakiwa bado yanavuma.

– Nani?

– Huyo mbega.

– Hakuwepo. Kila mara nafika, ametoka sasa hivi. Tawi linatikisika bado!

– Basi huna kosa, – alisema kinyozi kwa uchungu wa kweli. – Sauti kama hiyo! Mnyama gani atasema hakusikia amekaribishwa?

– Labda ningepunguza...

– Upunguze? Hujasikia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu? Kimya ni hatari, ndugu yangu. Ukinyamaza msituni chui anajua umelala. Ongeza!

– Chukua na kipaza sauti, – alisema Betri. – Ninacho kimoja. Kinapiga mluzi kidogo, lakini nyoka watakipenda.

Shangazi alikuwa akitikisa kichwa muda wote kama mtu mwenye siri, akingoja aombwe. Hakuombwa, kwa hiyo akaanza mwenyewe.

– Nyinyi mnahangaika bure. Wale wanyama hawapo. Wameondoka kwa safari.

– Safari ya wapi?

– Ya huku. Nao wana kiongozi wao. Anawapanga foleni, anawaleta ukingoni mwa msitu, anawaambia tazameni, yule mwenye birika ni jike, yule mwenye redio hajui kuifunga.

– Shangazi, heshima!

– Nimesema wao ndio wamesema. Asiyekuwepo na lake halipo, Mnadi. Huwezi kumwona mtu nyumbani kwake wakati yuko kwako anakutazama.

Betri aligeuka taratibu akaangalia nyuma. Kinyozi naye akavuta pazia la kibanda. Mnadi alishika kichwa kwa mikono miwili. Saa ilikuwa inakwenda, na msaada wote aliopata ni upara, darubini, mluzi na wanyama walioondoka kwa safari.

– Hodi, – ilisema sauti ya mwanamke.

Mnadi alishuka kwenye benchi kama maji. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, na koti la mvua limekunjwa vizuri mkononi, amewatangulia wenzake.

– Shikamoo, mama, – alisema Mnadi, ameinamisha macho, kwa sauti ambayo benchi lile halijapata kuisikia. Kinyozi ilibidi ainame ili aipate.

– Marahaba, mwanangu. Nimekusikia tangu kwenye daraja, ndiyo nikajua njia. Hivyo ndivyo unavyosema huko msituni?

– Ndivyo, mama.

Mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu.

– Wewe ungekuwa mbega, – aliuliza, – ukasikia hivyo, ungetoka?

Mnadi alimtazama kinyozi. Kinyozi alimtazama Betri. Betri alitazama ndani ya redio, kama jibu limeangukia humo. Shangazi alifungua mdomo, akaufunga, akafunika birika. Kimya kikakaa pale kijiweni, labda kwa mara ya kwanza tangu matofali yawekwe.

Ndipo pakasikika mvumo juu, kama mtu anayekung'uta shuka. Ndege mkubwa mweusi, mwenye mdomo mrefu kama ndizi na kofia ya pembe juu yake, akashuka kutoka upande wa msitu na kutua juu ya kibao cha kinyozi. Hondohondo.

Mnadi alimwona wa kwanza. Maneno yote ya sokoni yakamjaa kooni, na kwa furaha fimbo ikapanda kutaka kugonga nguzo. Lakini mama mkwe alikuwa hatua moja mbele yake, na mbele ya mama mkwe mtu hapazi sauti. Akasogea karibu.

– Mama, – alinong'ona. – Kushoto kwako, juu ya kibao. Geuka polepole.

Mama mkwe akageuka polepole. Akamtazama ndege, na ndege akainamisha kichwa akamtazama yeye, jicho moja kisha la pili. Walitazamana hivyo muda mrefu. Nyuma yao watu watatu walikaa vikombe hewani, hakuna aliyethubutu kumeza.

Mama mkwe akavaa koti lake bila kulipigisha kelele.

– Twende, kiongozi, – alisema kwa sauti ndogo kabisa. – Mimi natembea nyuma yako. Wenzangu wasiposikia, nitawaambia mimi.