Fundi Kijani na Dizeli ya Mwani

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake, na nyinyi mliokuja kuhakikisha kwa macho kwamba mtu huyu kweli ametulia, marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya kiwanda cha barafu, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mpishi wa kantini, na mkunga alisema huyu katoka mbio kama aliyesahau kitu nje.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akikaa dawati la mlangoni kwa amri ya mwalimu, maana kuingia na kutoka kwake kuliwavuruga wenzake, kisha akajifunza ufundi wa injini za dizeli, na mwaka 1977 akaajiriwa palepale kiwandani kuangalia jenereta, kazi aliyoifanya mpaka kustaafu mwaka 2013, na kiti alichopewa kilichakazwa na mlinzi.

Tarehe 6 Agosti 1983 alimwoa mshonaji wa mtaa wa pili, aliyeonywa na mashoga zake, "Shoga, huyo hakai, utaolewa na upepo," naye akajibu kwamba upepo angalau hauombi chai kila saa, wakajaliwa binti mwaka 1985 na mtoto wa kiume mwaka 1989, na tusifichane, walionong'ona kwamba akitoka jioni ana nyumba ndogo walimfuata, wakamkuta amechutama penye bwawa la maji machafu la kiwanda, anachota utando wa kijani kwa kijiko.

Huo ulikuwa mwani, ule mdogo usioonekana mmoja mmoja, alisikia redioni kwamba una mafuta ndani yake, na kwamba ukikaushwa, ukakamuliwa, mafuta yake yakachanganywa na spiriti na magadi makali, hupatikana dizeli isiyochimbwa ardhini, basi akaufuga uani kwenye matangi mawili ya kioo, akiupulizia hewa kwa mipira myembamba na kuukoroga asubuhi, adhuhuri na jioni, mpaka mikono ikashika rangi na jina la Kijani likamganda. Mwaka 2021 injini ndogo ya kusagia ilinguruma kwa mafuta hayo, ikazimika kabla chai haijapoa, majirani wakacheka, yeye akasema, "Chekeni, lakini imewaka," na tangu hapo alitaka jambo moja tu, iwake kutwa nzima.

Februari 2023 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, daktari akamkataza kuinuka, sawa na kumkataza kuku asichakure, na huku nyuma shemeji yake, dada wa mkewe, akijua wageni watakuja kumjulia hali mgonjwa, akayaonea aibu yale maji, akayamwaga, akasugua matangi kwa sabuni, akajaza maji ya bomba. Mgonjwa alipouliza maji yana rangi gani, wote walimjibu ni ya kijani, mpaka mkewe uongo ukamshinda, akasema, "Mume wangu, maji ni meupe, dada kayaosha." Watu walishika vifua, lakini yeye akauliza, "Na mipira ya hewa, kaiosha?" Mipira haikuguswa, kwani yule dada, na mwenyewe amekubali tuseme, huosha panapoonekana. Siku aliyoruhusiwa hakupitia chumbani, alikwenda uani, akaipasua mipira, akakwangua utando uliobaki ndani yake, akauotesha kwenye chupa dirishani.

Mwani ukarudi, mwenyewe akadhoofika, na asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, akiwa amemshikisha mkewe mwiko na kumlalamikia kwamba anakoroga kama anayeogopa kuuamsha, moyo wake ulisimama.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliomkimbiza korido nzima kumrudisha kitandani, wafanyakazi wenzake, majirani waliovumilia harufu, na shemeji kwa kazi yote ya jikoni tangu msiba huu ulipoanza. Injini haijawaka kutwa, hatuwezi kudai imewaka, lakini tangi moja limejaa na la pili linapanda, kwa hiyo adhuhuri, hata kama tutakuwa katikati ya ibada, mjane atainuka aende uani kukoroga, tunaomba asizuiwe, na wasemaji wasiseme, tunawajua. Nawe Kijani, zamu imeshikwa, usiinuke, pumzika kwa amani.